Nota za kwaya kwa sisi tusioona: nimejaribu njia nne, hii ndiyo niliyobaki nayo

Haya, habari zenu ndugu zangu. Kwa mnaotazama, mnaniona nimekaa nyuma ya kinanda. Kwa wenzangu msioona, niwapangie meza: kushoto rundo la karatasi ngumu za nukta nundu (braille, maandishi ya kusoma kwa kidole), katikati kompyuta mpakato ya zamani, kulia karatasi ya A3 iliyojikunja pembe. Simu inayorekodi nimeiegemeza kwenye kopo la kahawa, kwa hiyo picha ikienda upande mnisamehe, sitajua.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Morogoro, na swali ninaloulizwa kila wiki ni moja: “Kaka, wewe nota unasomaje?” Jibu la kweli ni kwamba kwa miaka mingi sikusoma. Nilikuwa nakariri. Mwalimu anaimba, mimi narekodi, nikifika nyumbani nasikiliza mpaka usiku wa manane. Inafanya kazi, sikatai. Tatizo ni kwamba unakariri na makosa ya aliyekuimbia. Kuna wimbo mmoja wa mavuno niliubeba miaka miwili nikiwa na kosa la mzee mmoja wa besi, siku tulipokutana na kwaya nyingine kwenye tamasha ndipo nikagundua ni mimi niliyepotea, wao wako sawa. Niliona aibu, lakini hiyo aibu ndiyo iliyonileta kwenye video hii.

Tuanze na solfa, maana ndiyo chakula chetu. Do, re, mi, kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Waingereza waliitengeneza karne ya 19, Sarah Glover akaanza, John Curwen akaieneza, na wamisionari wakatuletea. Watu wa konsavatori, zile shule kubwa za muziki, wanaidharau, lakini kwa asiyeona solfa ina jambo moja zuri sana: ni maandishi. Mtu akiichapa kwenye WhatsApp kama maandishi, simu yangu inaisoma. Akiiandika kwa mkono halafu akapiga picha, kwangu ni ukuta mweupe.

Sasa sikilizeni kasoro yake. Hapa nina mstari mmoja wa sauti ya pili kwenye kompyuta, natumia NVDA, programu ya kusoma skrini ya bure kutoka Australia. Nabonyeza... “d r m m s.” Umesikia? Mi ya kwanza ni ya pigo moja au mawili? Hujui. Urefu wa nota kwenye solfa haumo kwenye herufi, umo kwenye nukta pacha, vistari na nukta, na NVDA kwa mpangilio wake wa kawaida inaviruka vingi kama makapi. Dawa yake ni Insert na P, unabonyeza mpaka iseme inasoma alama zote. Sasa inasoma kila kitu, ila inachosha, mstari mmoja ni kama risala. Mimi hutumia solfa ya maandishi kwa wimbo mfupi wa Jumapili hii hii. Kwa misa nzima, hapana.

Njoo kwenye rundo la kushoto. Nukta nundu za muziki. Wengi hawajui kwamba Louis Braille mwenyewe, aliyezibuni, alikuwa mpiga kinanda wa kanisani Paris, na kitabu chake cha mwaka 1829 tangu kwenye jina lake kilitaja kuandika maneno na muziki.

Wanavyofanya ni hivi. Kila alama ina nafasi sita za nukta. Nne za juu zinakwambia ni nota gani, mbili za chini zinakwambia urefu. Nota ya C inatumia umbo la herufi d, D ni e, E ni f, mpaka B ambayo ni j. Chini pakiwa patupu, ni nusu pigo. Ikiongezwa nukta ya chini kulia, pigo moja. Ya chini kushoto, mapigo mawili. Zote mbili, manne. Kidole kimoja, mguso mmoja, umepata jina na urefu kwa pamoja. Baada ya kuhangaika na nukta pacha za solfa, mimi hii niliiona kama mtu kanifungulia dirisha.

Lakini mtu wa solfa ataumia mwezi wa kwanza. Chukua ufunguo wa C, ambamo do ni C. Herufi d ni do huku na huku, vizuri. Herufi f kwenye solfa ni fa, kwenye nukta nundu ni mi. Herufi s kwenye solfa ni sol, huku ni la ya mapigo mawili. Na m, ambayo umeimba “mi” tangu Sunday School, kwenye nukta nundu ni kunyamaza mapigo manne! Mwalimu wangu alikuwa akinigonga kidole: “Hapo usiimbe, hapo nyamaza.” Herufi t nayo ilinihurumia, ni ti kote kote.

Mwimbaji anafaidi nukta nundu kuliko mpiga kinanda, na hili waziwazi hawakwambii. Mwimbaji anasoma kwa vidole huku anaimba. Mimi mikono yangu ndiyo macho yangu na ndiyo inayopiga. Kwa hiyo nasoma kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipiga sehemu yake, kisha nageuza, kisha naunganisha yote kichwani. Mwisho wa siku bado nakariri, tofauti ni kwamba sasa nakariri alichoandika mtunzi, sio alichoimba mzee wa besi. Na karatasi ni nyingi. Wimbo ambao wenzangu wanaubeba mfukoni, mimi naubeba kwenye begi.

Haya, kompyuta. Hapa ndipo nilipobaki. MuseScore Studio, programu ya kuandika nota, bure kabisa, inakubali Windows, Mac na Linux. Nafungua wimbo wa sauti nne. Nabonyeza mshale wa kulia... mmesikia? Imetaja nota C4, urefu wake, iko kipimo (bar) cha kwanza, pigo la kwanza. Mshale tena, nota inayofuata. Control na mshale, narukia kipimo kingine. Kila nota inalia inapotajwa, kwa hiyo sikio na akili vinakwenda pamoja. Yote inasomwa kwa Kiingereza. Siku ya kwanza niliiachia sauti ya Kiswahili ya eSpeak isome, ikayatamka hayo maneno ya Kiingereza kama bibi yangu, nikacheka mpaka nikasahau wimbo.

Kuandika ni rahisi kuliko nilivyoogopa. N inaingiza hali ya kuandika, 5 ni nota ya pigo moja, 6 ya mapigo mawili, halafu unachapa herufi ya nota. Kuanzia toleo la 4.1 kuna pia paneli ya nukta nundu chini ya skrini: ukisogea kwenye nota, umbo lake linatokea kwenye kifaa chako cha kusomea kwa kidole, kama unacho. Sao Mai, kituo cha wasioona cha Vietnam, walishiriki kuijenga, na wana programu yao wenyewe ya bure, Sao Mai Braille, ya kugeuza faili la MusicXML (faili la nota ambalo programu nyingi za muziki hulifungua) liwe nukta nundu za kuchapa.

Kasoro? Ninazo. Toleo la 4 ni zito, kompyuta hii ya RAM GB 4 inafungua polepole kama inaamshwa usingizini. Kwenye simu huwezi kuandika. Na jambo ambalo limenitesa: nyimbo zetu nyingi zinaandikwa sauti ya kwanza na ya pili kwenye mistari mitano ile ile. Ukifungua mixer (pa kupandisha na kunyamazisha sauti) kwa F10 utake kunyamazisha sauti ya kwanza usikie ya pili, zinanyamaza zote. Mwombeni mwalimu aandike kila sauti kwenye mistari yake. Kwake ni dakika chache, kwangu ni wiki nzima ya mazoezi.

Karatasi ya kulia ni ya dada mmoja wa sauti ya pili mwenye uoni hafifu, kaniazima. Alichozoea ni kutoa fotokopi ya A4 iwe A3. Inakuza kila kitu mara 1.4 hivi, pamoja na madoa na alama za penseli za watu watano, halafu karatasi inaanguka kwenye stendi. Tukaingiza wimbo ule ule MuseScore, tukaenda Format, kisha mipangilio ya ukurasa, nafasi kati ya mistari ikatoka milimita 1.75 ikawa 3. Nota zikakua, karatasi ikabaki A4, kurasa zikaongezeka. Maneno ya wimbo hukuzwa kwenye Style, nao akayataka meusi mazito. Fotokopi ameniachia mimi niwaonyeshe nyie.

Faili mnalipata wapi? Hapo ndipo pana kazi. PDF za kwaya zipo tele. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi za kwaya zetu, na nyingine zina midi, yaani faili la kuipigia kompyuta wimbo. Midi ukiifungua MuseScore utapata sauti, ila mara nyingi haina maneno na nota zinaweza kukatwakatwa vibaya. Audiveris inajaribu kusoma PDF za mistari mitano na kuzigeuza, bure pia, lakini makosa lazima mtu anayeona akusahihishie. Upande wa sheria, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unazitaka nchi zilizouridhia ziruhusu kutengeneza nakala zinazosomeka na wasioona, na taasisi zinazotambuliwa kuzivusha mipaka, bila kuomba kibali cha mwenye haki. Kenya iliuridhia 2017, Tanzania 2020. Kwa hiyo mwalimu akikwambia “naogopa haki miliki,” mweleze hilo kwa upole.

Lakini wimbo mpya wa mtunzi wako wa hapo hapo parokiani, kumbuka aliuandika kwenye kompyuta. Faili lenyewe lipo. Mimi ujumbe wangu ninaotuma kila Jumatatu ni huu, nakilini: “Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Naomba wimbo wa Jumapili kwa MusicXML, sio picha wala PDF. Ukiwa kwenye programu yako nenda Export, chagua MusicXML, nitumie hapa hapa.” Wa kwanza alinijibu baada ya siku tatu akiuliza MusicXML ni ugonjwa gani. Sasa ananitumia kabla sijaomba.