Uzoefu wangu: mfuko wa vitabu vya mtumba Posta, huchagui wewe unachaguliwa

Naandika hii kwa sababu kuna watu watatu wameniuliza status kwamba vile vitabu ninavyopost navitoa wapi, nikaona bora nieleze mara moja kwa urefu.

Mi nakaa Kimara kazi Posta, hapa Dar, na mpaka mwaka jana vitabu nilivyokuwa nasoma ni vya aina moja tu, vile vya tajirika, amka saa kumi alfajiri, siri za mabilionea, nilikuwa navyo kama kumi na mbili hivi na ukweli ukishasoma vitatu umesoma vyote, vilivyobaki wamebadilisha jalada tu. Nikachoka. Nikaagiza boksi la siri, lile hujui ndani kuna vitabu gani mpaka ufungue, kwa page moja mtandaoni siitaji, 45,000 na hela ya bodaboda juu, kufungua nakutana na vitabu vitatu, vyote vya tajirika, vyote fotokopi, kimoja ninacho tayari nyumbani. Nikawatumia meseji wakasoma wakanyamaza, basi nikasamehe.

Huyu mzee wa vitabu vya mtumba nilimpata kwa bahati tu, natoka lunch nikamkuta katandaza turubai pembeni ya barabara, vitabu vimepangwa migongo juu. Kona sitaji maana si kila anayesoma hapa ni mteja, mmenielewa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza natafuta nini nikamwambia chochote kizuri.

"Kizuri ndio kipi? Kitabu cha mwisho kukimaliza mpaka jalada la nyuma ni kipi?"

Aisee nilisimama pale. Kukimaliza, sio kukianza. Nilivyopiga hesabu jibu la kweli lilikuwa cha form four, tena kwa sababu ya mtihani. Nikamwambia hivyo hivyo, akacheka akasema haya lete elfu kumi na tano.

Sasa utaratibu wake uko hivi. 15,000 unapata vitano, anachagua yeye: viwili vya hadithi, viwili vya mambo ya kweli, na kimoja ambacho ana uhakika hukitaki. Kubadilisha hakuna. Ila kile usichokitaka ukikisoma ukakirudisha anakupunguzia elfu mbili kwenye mfuko unaofuata, na usidhani utamdanganya maana anakuuliza maswali ya ndani, mi nilimwona dada mmoja anaulizwa kuhusu sura ya tatu akaishia kucheka tu na punguzo akakosa.

Mfuko wa kwanza kile nisichokitaka kilikuwa kijitabu cha ufugaji nyuki, chembamba, kimechanika pembeni, na picha za mizinga nyeusi na nyeupe. Nikasema huyu mzee ananitania, mi nakaa chumba na sebule nyuki nitawafugia wapi. Usiku umeme ukakatika, simu ina asilimia tisa, nikachukua tochi nikachukua kilichokuwa juu ndio hicho, na nikakimaliza usiku ule ule! Hivi mlikuwa mnajua kwanini warina asali wanafukiza moshi kwanza? Mi nilidhani moshi unawalewesha tu, kumbe nyuki wakisikia moshi wanajua moto unakuja, wanakimbilia kujaza asali tumboni wajiandae kuhama, na nyuki aliyeshiba kiasi hicho hana haraka ya kukuuma. Halafu madume wakishakosa kazi wanafukuzwa mzingani, kazini nilivyosimulia hiyo wadada wakapiga makofi sijui kwanini.

Kingine cha kweli kilikuwa wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alioandika Shaaban Robert. Jina la Shaaban Robert kwangu lilikuwa la darasani, la maswali ya fasihi, sikuwahi kumsoma bila kalamu mkononi. Siti alianza kwa kuuza vyungu alivyofinyanga mama yake, anatoka kijijini Fumba anatembea kuvinadi, na baadaye sauti hiyo hiyo ikaenda kurekodiwa Bombay 1928. Nimekaa na hiyo siku mbili nzima, sa hivi nikisikia mtu ananadi mihogo mtaani asubuhi namsikiliza kwanza.

Hadithi ilikuwemo Rosa Mistika ya Kezilahabi, nakala imechoka hiyo, karatasi za njano. Kimetoka 1971, kikazuiwa mashuleni, halafu miaka imepita watoto wakaja kufundishwa hicho hicho. Siwaambii kinahusu nini, ila kama una mabinti na una hasira za haraka kisome taratibu.

Cha Kiingereza kilikuwa cha Walter Rodney, kile cha Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kizito, sikatai, kurasa tano kwa siku na hapo nimejitahidi. Ila nilifungua ukurasa wa mbele nikakuta Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, 1972, nikarudia kusoma mara mbili. Kitabu kinasomwa dunia nzima, jamaa alikuwa anafundisha hapo chuo kikuu Mlimani, mji huu huu ninaokaa, na mi nilikuwa naagiza siri za mabilionea! Nikawa nasoma kurasa zake tano halafu najipongeza na sura moja ya hadithi, na huo ndio mchanganyiko wenyewe, ukichoka na kimoja kingine kinakupumzisha. Vya aina moja vilikuwa vinanichosha vyote kwa pamoja.

Mfuko wa pili nikapewa dude la Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mzee wa Ukerewe kaandika kwa Kikerewe kamaliza 1945, hakupata wa kukichapa, akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Miaka thelathini na tano! Mi meseji ikikaa dakika kumi bila kujibiwa nakosa raha. Mle ndani mtu anahangaika na pombe ya ndizi ili ukweni wamrudishie mkewe, na mwandishi hana haraka kabisa, kila kitu anakuonyesha kinavyofanyika hatua kwa hatua.

Mabaya sasa, maana review bila mabaya ni tangazo. Vitabu vina vumbi, kama una mafua vaa barakoa. Risiti hakuna. Masika usihangaike kwenda, kukiwa na wingu tu ameshakunja turubai. Nenda na mfuko wako, la sivyo anakufungia kwenye gazeti na kamba ya katani. Na kubwa kuliko yote, kurasa hakagui. Nilipewa riwaya ya Elvis Musiba, zile za mpelelezi Willy Gamba, nimeisoma mpaka saa saba usiku, moyo unadunda, nageuza ukurasa nakutana na jalada. Kurasa kumi na sita za mwisho hazipo! Asubuhi nikashuka mwendokasi moja kwa moja kwake, nimevimba, akaniambia pole mwanangu subiri. Nikasubiri wiki tatu. Siku ya siku ananipa nakala nyingine, haina jalada wala kurasa za mwanzo, imeanzia ukurasa wa ishirini na tatu, ila mwisho wake upo. Akaniuzia elfu moja! Yani nimelipia mwisho kivyake, nilitaka kugoma lakini nilishatoa hela mfukoni. Sa hivi ziko shelfuni zimefungwa pamoja na rababendi, zinahesabika kitabu kimoja.

Na kitu kimoja nimempendea, fotokopi hauzi. Nilimuulizia Peponi, ile tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka 2022, akaniambia hiyo bado mpya, nenda duka la vitabu pale Samora ukanunue halali, usinisumbue mimi na mtumba.

Kama ni nyota nampa nne, ya tano imebaki kwenye zile kurasa kumi na sita. Jumamosi naenda kuchukua mfuko wa tano. Cha nyuki sijakirudisha, ile elfu mbili akae nayo tu.