Uzoefu wangu: usaili wa majaribio, Arusha mjini

Niliitwa usaili wa nafasi ya uratibu wa safari katika kampuni ya utalii, nikalipia maandalizi kwenye ofisi moja karibu na Mnara wa Saa. Wana darasa la kikundi na usaili wa majaribio wa ana kwa ana.

Kikundi, nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya chai. Tulijazana, tukagawiwa majibu ya kukariri ya "mimi ni mchapakazi".

Ana kwa ana ni habari nyingine. Anayesaili ni mama mstaafu wa utumishi, mpole wa sura, mkali wa maswali. "Mgeni kashuka uwanja wa ndege wa KIA usiku, begi halijafika, kesho asubuhi anaanza kupanda Kilimanjaro kupitia Marangu. Unafanyaje?" Nikaanza na kumtuliza mgeni, kuwasiliana na uongozi... Akanikatiza: "Mwanangu, mgeni keshatulia. Buti ziko wapi?"

Tukalijenga jibu upya. Mgeni ajaze fomu ya mzigo ya shirika la ndege kabla hajatoka uwanjani. Aulizwe kama dawa zake zimo kwenye begi hilo, jambo ambalo kwa mpanda mlima linazidi hata buti. Kisha vifaa vya kukodi Moshi, na kiongozi wa msafara ajulishwe usiku huohuo. Buti zisipomtosha, nani mwenye kauli ya kusogeza safari? Si mimi, na jopo linataka kusikia kwamba najua hivyo. Kila ukimaliza anakuongezea shida nyingine. Inachosha kwelikweli.

Alinionyesha pia karatasi ya alama. Usaili wa namna hii, wa maswali ya "ungefanyaje", uliotokana na utafiti wa mwanasaikolojia Gary Latham na wenzake wa mwaka 1980, huandaliwa na mifano ya majibu dhaifu, ya wastani na mazuri kabla msailiwa hajaingia. Kutuliza mgeni bila kitendo chochote kulikaa kwenye dhaifu.

Nimempunguzia nyota moja kwa sababu analazimisha mpangilio uleule wa hali, jukumu, hatua na matokeo kwa kila swali. Ukiulizwa ulivyowahi kusuluhisha ugomvi kazini, unafaa sana. Kwa jambo ambalo halijatokea, matokeo utayatoa wapi?

Risiti uidai mwenyewe. Jumamosi hujaa, kwa hiyo omba nafasi katikati ya wiki, na ubebe tangazo lenyewe la kazi. Maswali anayatunga kutoka humo.