Discraft Ultra-Star gramu 175: inavyokaa mkononi kwenye fliki

Ultra-Star ina gramu 175 na kipenyo cha sentimita 27 na ushei, na mwaka 1991 ilifanywa frisbi rasmi ya mashindano ya kitaifa ya Marekani ya altimeti, mchezo wa timu mbili zinazopasiana frisbi. Bekihendi, ule mrusho wa kupitisha mkono mbele ya mwili, haitoshi kuipima, maana kwa bekihendi hata kifuniko cha sufuria kitafika. Ipime kwa fliki, ule mrusho wa upande wa mkono unaorushia, kiganja kikitazama juu.

Igeuze kwanza. Ukingo wa ndani una kina cha kutosha kidole cha kati kuegemea barabara. Juu, karibu na pembeni, kuna mistari ya mviringo iliyoinuka kidogo, na gumba hukamata hapo hata likiwa na jasho. Frisbi za kuchezea watoto ni nyepesi na ukingo wake ni mwembamba: kidole hakipati pa kusukumia, na upepo mdogo tu unaibeba.

Mishiko inayobishaniwa ni miwili. Katika ule wa vidole vilivyoachana, cha kati hubana ukingo na cha shahada hunyooka chini ya frisbi kuelekea katikati. Frisbi inatulia, haining'inii, ndiyo maana wengi huanza nao. Tatizo ni kwamba kidole kile kilichonyooka kinazuia kifundo cha mkono kurudi nyuma vizuri, kwa hiyo mzunguko unakuwa haba. Mshiko wa pili unaviweka vidole vyote viwili pamoja, vikisukuma ukingo wa ndani. Gumba linakandamiza kwa juu, na cha pete na cha mwisho vinakunjwa kwa nje. Mwambie mwenzako aivute: ikichomoka kirahisi, gumba limelala.

Kwa Ultra-Star, anza moja kwa moja na huu wa pili. Wiki ya kwanza itakuwa ya aibu, lakini afadhali hiyo kuliko kuja kuvunja mazoea baadaye. Simama mita tano tu kutoka kwa mwenzako, kiwiko karibu na nyonga, halafu chapa kwa kifundo kama unayekung'uta maji vidoleni. Usirushe kwa bega.

Ikitoka inatetemeka, mzunguko ni mdogo: umetumia mkono mzima, au gumba limelegea. Ikipinduka na kujichimbia chini upande wa kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia), ukingo wa nje (ule ulio mbali na mwili wako) ulikuwa juu mno, au kiganja kiligeuka kutazama chini kabla ya kuachia. Shusha ukingo wa nje kidogo na uache kiganja juu hadi mwisho. Kosa hili la pili ndilo sugu kuliko yote, na kuongeza nguvu hulizidisha.

Kwenye fukwe za Entebbe, upepo wa ziwa wa mchana utakuumbua. Ukirusha dhidi yake, frisbi hupaa, basi inamisha pua, yaani ukingo wa mbele, kidogo na uongeze mzunguko badala ya nguvu. Msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, plastiki hii huteleza kweli. Weka kitambaa kikavu pembeni mwa uwanja, na hapo mshiko wa vidole vilivyoachana usiufikirie kabisa.

Adui mwingine ni murramu. Frisbi ikiburuzwa juu ya changarawe, ukingo unapata vijino vinavyochuna kidole cha kati. Vilainishe kwa msasa laini, taratibu, bila kula umbo la ukingo. Usiiache ndani ya gari juani, itapinda, na frisbi iliyopinda hutetemeka hata fliki ikiwa safi.

Mtoto ambaye gumba na vidole vyake haviwezi kubana ukingo kwa pamoja asilazimishwe. Kampuni hiyo hiyo ya Discraft inatengeneza J-Star ya gramu 145, ndogo kwa kipenyo, na mshiko ni ule ule.