LibreOffice badala ya Microsoft Office: mafaili yako yatapona?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunaipima LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, kwa swali moja tu: mwenye steshenari pale Malimbe, au karani wa dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, akiachana na Office ya kukraki, mafaili yake ya miaka yote yatafunguka?

Word na Excel za kawaida, ndiyo. Excel yenye makro, yaani vijiprogramu vya ndani ya faili vinavyofanya kazi zenyewe, usidanganywe.

Ipakue libreoffice.org penyewe. Ya Windows ni kama MB 350, kwa hiyo choma bando mara moja, weka kwenye flashi, gawa ofisi nzima, leseni inaruhusu. Ila toleo la kale la jamaa yako liache. Fomula ya XLOOKUP, ile ya kutafuta kitu kwenye orodha, imeingia toleo 24.8, la Agosti 2024. Chini ya hapo orodha yako ya bei itajaa alama ya kosa, #NAME?, na utalaumu faili bure.

Office ya zamani usiifute kwanza, zote mbili zinakaa kompyuta moja bila kugombana. Halafu kagua OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft: faili lenye alama ya wingu halimo kwenye kompyuta yako, liko mtandaoni. Bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua Always keep on this device, subiri tiki ya kijani, kisha nakili folda nzima kwenye diski ya nje.

Sasa tazameni skrini. Tools, Options, Load/Save, General. Hapa chini, kwenye Document type, chagua Text document, na Always save as iwe Word 2010–365. Rudi uchague Spreadsheet, iwe Excel 2007–365. Ukiruka hapa, kila barua mpya itatoka .odt, aina ya faili ya LibreOffice yenyewe, na mteja atakupigia kwamba simu yake haiifungui. Na yale mafaili ya zamani msiyageuze kuwa .odt kwa mkupuo! Yaacheni yalivyo, kila kugeuza ni mlango wa kuharibu kitu.

Twende kwenye fonti, maana ndizo zinazovuruga ripoti za wanachuo. Calibri na Cambria zina mbadala humu ndani, Carlito na Caladea, zenye upana uleule wa herufi, kwa hiyo mistari haihami. Tatizo ni Aptos, fonti ya Word mpya. Kama haimo kwenye kompyuta inawekwa nyingine yoyote, kurasa zinaongezeka, na namba za kwenye orodha ya yaliyomo zinakuwa uongo. Badili maandishi yote yawe Times New Roman, kisha bofya kulia kwenye yaliyomo, Update Index. Mteja anayetaka kuprinti tu, alete PDF, mmalize.

Kwenye Calc, ndiyo Excel ya LibreOffice, kuna mtego wa kimyakimya. Ikifungua faili la Excel, kwa kawaida haihesabu upya, inaonyesha majibu yaliyohifadhiwa mwisho. Andika jumla kuu pembeni, bonyeza Ctrl+Shift+F9, linganisha. Zikitofautiana, tafuta fomula iliyokataa kabla hujalipa mtu hata shilingi.

Makro za .xlsm nyingine zinakubali, nyingi zinakwama, hasa vitufe vya kutoa risiti. Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kusafisha data, haipo kabisa. Mwenye mfumo wa namna hiyo abakize kompyuta moja yenye Excel ya leseni, nyingine zote zihame.

Impress, ndiyo PowerPoint ya humu, inafaa, ila slaidi zenye mbwembwe zipitie moja moja kabla ya kikao.

Wa kadi za harusi, nyie ndio mna kazi. Faili la .pub, la Microsoft Publisher, linafunguka kwenye Draw, programu ya kuchora ya LibreOffice, lakini picha na maandishi huhama sehemu zake, na Microsoft wenyewe wametangaza kuacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026. Publisher ingali inafunguka, toa kila kadi kwa PDF sasa hivi, na zile zinazorudiwa kila msimu zichoreni upya.