Kifaa cha kuhifadhia mafaili nyumbani: diski hazina neno, kuingia ndiko kazi

Nimekitumia kifaa hiki cha diski mbili kwa miezi minane, kikiwa kimeunganishwa na ruta kwa kebo, huku kompyuta tatu za nyumbani zikihifadhi humo picha na nyaraka. Kwa kazi yenyewe ya kuhifadhi sina lalamiko: hakina kelele, kila faili huandikwa katika diski zote mbili, na diski moja ilipoharibika niliweka nyingine bila kupoteza chochote. Kinachonifanya niandike ni folda za pamoja, ambazo zimenilia jioni nyingi mno.

Siku ya kwanza Windows iliniomba jina na nywila, nami nikaandika jina langu na ile namba fupi ya siri ninayofungulia kompyuta. Nilikataliwa. Kumbe kifaa kina orodha yake chenyewe ya watumiaji, na namba ile fupi hufungua kompyuta ileile ilikowekwa tu, wala haitumiki kwenye mtandao. Mwongozo wa karatasi unaeleza vizuri namna ya kufunga skrubu, lakini juu ya jambo hili umenyamaza.

Lililonitesa zaidi ni la pili. Folda ya picha niliifungua kama mgeni, yaani bila jina wala nywila, kisha nikataka kuingia kwenye folda ya nyaraka kwa jina langu, nikakataliwa tena ingawa nywila ilikuwa sahihi, maana Windows hairuhusu mtumiaji mmoja wa kompyuta kuunganishwa na kifaa kilekile kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kukata miunganisho iliyopo kwa amri ya net use * /delete, kufuta nywila za zamani ambazo Windows imezihifadhi, kisha kuingia upya kwa jina moja tu. Kabla sijalijua hilo nilirudia nywila mara nyingi hadi kifaa kikaizuia anwani ya IP ya kompyuta yangu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ikanibidi kuifungulia kutoka kompyuta nyingine. Kinga hiyo naikubali, kwa kuwa mwizi naye hubahatisha nywila. Ila hakuna ujumbe wowote ulionijulisha kwamba nimezuiwa, na kwa saa nzima nilikuwa nikikagua kebo isiyo na kosa.

Baadaye kompyuta moja ilipopata toleo la 24H2 la Windows 11 Pro, ile folda ya picha nayo ikaacha kufunguka, kwa sababu toleo hilo halikubali tena kuingia kama mgeni bila nywila. Nilimfungulia kila mtu wa nyumbani akaunti yake, jambo ambalo kifaa kingepaswa kulishauri tangu mwanzo. Ukurasa wa haki za folda pia una mtego: mtu aliye katika vikundi viwili, kimoja kikiruhusiwa na kingine kikikatazwa, huhesabiwa kuwa amekatazwa, na vikundi hivyo havionekani pamoja mahali pamoja.

Jambo moja nawasifu watengenezaji. SMB 1, itifaki ya zamani ambayo Windows iliitumia kufikia folda za pamoja kwenye mtandao, na ambayo udhaifu wake ulitumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, imezimwa tangu kiwandani. Wapo watakaokushauri uiwashe kila folda inapogoma; usiwasikilize, kwani katika matatizo yote niliyoyataja hakuna hata moja ambalo lingetatuliwa nayo.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne imepotea kwa mwongozo, na ya tano kwa kifaa kunijibu maneno yaleyale mawili, "umekataliwa kuingia", iwe nimekosea nywila, nimezuiwa anwani au nimenyimwa haki ya folda.