Niliwalipa waniambie nyumba yangu ya Tabata imeshuka kiasi gani

Nyota tatu na nusu. Zingekuwa nne, ila hiyo nusu wameila wenyewe na "mama, njoo kesho" zao.

Ni ofisi ya wathamini, iko mjini, ghorofa ya pili. Jina siliweki kwa kuwa nina ya kuwalaumu na kesi sitaki. Nilikwenda Mei 2024, tope la masika bado halijakauka, baada ya benki kuniambia hawaongei habari ya mkopo bila ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Nyumba yenyewe ni milango minne ya kupangisha, chumba na sebule, tuliijenga 2004 na marehemu mume wangu. Dalali wa mtaani alishaniapia kwamba haipungui milioni 250. Basi nikapanda zile ngazi na 250 yangu kichwani.

Kijana waliyemtuma kupima simpunguzii hata nusu nyota. Saa mbili kamili yuko getini. Akavuta utepe kiwanja kizima, akagonga plasta kwa ufunguo kusikiliza palipoachia, akapanda kuchungulia kenchi, akakwangua kwa ukucha chumvi iliyopanda ukutani. Halafu akavuka njia akamuuliza jirani, mimi akaniacha, maji ya bonde la Msimbazi mwaka huo yaliishia wapi. Nikasema moyoni, huyu kasomea.

Ripoti ikaja hivi: kiwanja milioni 85. Jengo, ukilijenga leo kama lilivyo, milioni 140, lakini amekata uchakavu asilimia 2 kwa mwaka, miaka 20, yaani asilimia 40. Likabaki 84. Jumla 169, na benki wakiliuza kwa haraka, kama 127. Nikaomba maji ya kunywa.

Yule kijana akaniambia: "Mama, nyumba haikuwahi kupanda. Kilichopanda ni ardhi iliyo chini yake."

Akanipa darasa la nusu saa ambalo halikuwa kwenye bei. Uchakavu una sura tatu. Ule wa mwili unauona: bati, mabomba, nyufa. Wa pili ni nyumba kupitwa na watu. Milango yangu minne inatumia choo kimoja cha uani na Luku moja, na mpangaji wa siku hizi anataka self na mita yake asigombane na mtu. Wa tatu unatoka nje ya ukuta wako, kama hilo bonde, na huo hata upake rangi kila mwezi hautoki. Ulikuwa wa pili ulioniuma, maana ugomvi wa Luku nimeuamua miaka kumi nikidhani ni tabia za wapangaji, kumbe ni hela yangu inavuja.

Siku nyingine nilikaa benchi moja na mzee mwenye apatimenti Mikocheni. Yeye alicheka. "Dada yangu, mimi nikinunua nyumba ya zamani jengo silihesabu hata shilingi. Napiga bei ya kiwanja, natoa gharama ya kubomoa." Akaongeza kwamba kwenye hesabu za kodi ya mapato jengo la biashara kama lake linakatwa asilimia 5 kila mwaka, kwa hiyo likifika miaka 20 vitabuni limeshakufa, na wapangaji bado wamo ndani wanalipa. Kisha akaniuliza kodi yangu. Mwaka 2014 nilikuwa napokea 150,000 kwa mlango, 2024 ikawa 180,000. Dola mwaka 2014 ilikuwa kama shilingi 1,650, 2024 ilikuwa kama 2,600. Hakusema kitu, alinitazama tu.

Na hiyo ardhi niliyoanza kujifariji nayo? Hati yangu ni ya miaka 33 tangu 2003. Ardhi ni mali ya umma chini ya Rais, sisi tumepewa muda, na wangu mwaka 2024 ulikuwa umebaki miaka 12. Inahuishwa, ndiyo, lakini benki waliuona mstari huo kabla yangu.

Sasa lawama. Waliniahidi siku saba, nikapata ya 23, na faili muda mwingi lilikuwa limelala mezani kwa katibu muhtasi chini ya chupa ya chai. Kwamba ripoti ya benki lazima ipite kwa Mthamini Mkuu wa Serikali waliniambia nimeshalipa laki tano na nusu. Na kurasa 31 zote Kiingereza! Mwanangu alinitafsiria usiku mbili.

Choo cha pili fundi ameshaanza, mita ninazifuatilia. Yule dalali wa 250 bado anapiga, ana mteja eti. Nimempigia picha ukurasa wa 11 wa ripoti nikamtumia. Tiki za bluu zimetokea tangu Jumanne.