MRI ya pituitari Malindi: picha safi, ripoti pungufu

Kwa anayeshuka kutoka Lamu kupitia Garsen, kituo hiki cha picha mjini Malindi kinamwondolea safari ya kuendelea hadi Mombasa. Ila kuna mambo ya kujua kabla ya kulipa, hasa daktari akishuku hipofisitisi, yaani kinga ya mwili imeigeukia tezi ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo inayotoa homoni, ikavimba. Huwapata zaidi akina mama mwishoni mwa mimba au miezi michache baada ya kujifungua, na siku hizi pia wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa za kuamsha kinga kama ipilimumab.

Mambo huharibika mapokezi. Ukisema tu "MRI ya kichwa", utapigwa ile ya kawaida, vipande vya milimita 5, na tezi yenyewe haizidi sana punje ya mbaazi. Fomu iandikwe wazi "pituitari": vipande vya milimita 2 hadi 3, vya ubavuni na vya mbele, T1 kabla na baada ya gadolini (dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani), pamoja na T2; T1 na T2 ni aina mbili za picha za MRI. Wakipewa maagizo hayo, hapa wanapiga vizuri kweli. Picha za kabla ya dawa zisirukwe hata foleni ikiwa ndefu. Sehemu ya nyuma ya tezi isiyo na ugonjwa huwa na doa jeupe kwenye T1, na katika hipofisitisi doa hilo mara nyingi hupotea, hasa kwa mgonjwa anayekunywa maji na kukojoa bila kukoma. Gadolini ikishaingia, tezi yote inang'aa na doa halitambuliki tena.

Dozi ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hupata mililita 12 za dawa ya nguvu ya kawaida. Figo zipimwe kwanza, na mjamzito kwa kawaida hapewi.

Chumba cha kubadilishia nguo ni kisafi na wahudumu wana adabu. Kipini, pini za mtandio na hirizi yenye kasha la chuma huachwa nje. Wanja nao uoshwe, kwani baadhi huwa na chembe za chuma zinazochafua picha karibu na macho. Hilo hawakuambii mpaka uulize.

Ripoti ndiyo inayoangusha. "Tezi imekua, adenoma inashukiwa" (adenoma ni uvimbe wa tezi usio saratani), kisha sahihi. Kwa karatasi kama hiyo mtu anaweza kupelekwa upasuaji asiouhitaji! Adenoma kwa kawaida huvimba upande mmoja na kukisukuma kikonyo cha tezi, kile kinachoiunganisha na ubongo. Hipofisitisi huvimba pande zote sawa, kikonyo kinakuwa kinene lakini kimesimama katikati, na dawa huenea kwa nguvu tezi nzima. Kwa hiyo dai kimo cha tezi na unene wa kikonyo kwa milimita, hali ya lile doa, na kama makutano ya mishipa ya macho yameguswa. Kikonyo kikizidi milimita 4 kuna jambo, ingawa TB na sarkoidosi (ugonjwa wa uvimbe ambao mara nyingi huanzia mapafuni) pia hukinenepesha. Kwa hiyo picha ya kifua isisahauliwe. Tena msomaji aambiwe mama amejifungua lini, maana tezi yake inaweza kufika milimita 12 bila ugonjwa wowote.

Ukishauriwa CT (picha ya eksirei ya kompyuta) badala yake kwa kuwa ni rahisi, usikubali. CT inafaa kwa mifupa na chokaa ndani ya uvimbe. Kikonyo haikionyeshi vya kutosha. Omba sidii yenye faili zote za DICOM, yaani picha zenyewe za kidijitali, uijaribu kwenye kompyuta yao kabla hujaondoka. Usipoomba utapewa karatasi zilizochapishwa, ambazo hazipimiki.

Na mgonjwa anayetapika, presha iko chini na sodiamu imeshuka, asiwekwe kwenye foleni ya MRI kwanza. Atolewe damu ya kupima kotisoli, homoni inayoweza kupungua vibaya tezi hii ikiumia, aanzishiwe hidrokotisoni ya kuiziba nafasi yake papo hapo, picha ifuate.